Mkono Uliogoma Mbele ya Ndugu

Kabla hajaanguka, mtu huyu alikuwa mchora mabango ya maduka, na mafundi wenzake walimwita Rula kwa kuwa alipiga mstari mrefu ukutani bila kushika rula. Alikuwa na majivuno yake, tusimsafishe kwa sababu ameumia. Akiona herufi iliyoinama kwenye duka la mtu, alisimama akacheka mpaka mwenye duka atoke nje kuuliza kulikoni. Kazi aliifanya na mdogo wake: kaka juu ya ngazi na brashi, mdogo chini ameishika ngazi isicheze. Walikuwa na mtindo wao. Aliye juu hatazami chini, macho yake yako kwenye mstari, basi aliye chini huita kila baada ya muda, "Nipo," na aliye juu akisikia hivyo huendelea na kazi bila wasiwasi.

Ngazi iliteleza mchana kweupe mbele ya duka la dawa, bango likiwa limebakiza herufi moja. Tangu siku hiyo, kuanzia shingoni kwenda chini, hakuna kiungo kilichomtii Rula. Mdogo wake aliapa kwamba alikuwa ameishika ngazi vizuri, ila sakafu ilikuwa na maji ya sabuni. Mama yao akamsimamia mkubwa kando ya kitanda cha hospitali: sema umemsamehe mwenzio, nyinyi mko wawili tu, na damu nzito kuliko maji. Rula akasema amesamehe. Aliyelala chali hana pa kukimbilia, na mama akilia, mwana husema lolote analotakiwa kusema.

Mdogo akahamia kwa kaka yake. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani asije akapata vidonda. Mabango akayaacha, akawa anapaka rangi nyumba za jirani ili asiende mbali. Mtaa mzima ulimsifu, na sifa alistahili. Rula naye alimeza kijiko baada ya kijiko akitazama dari. Walizungumza habari za mpira na ubovu wa rangi za siku hizi, na kucheka walicheka. Habari ya ngazi haikutajwa hata mara moja. Waliishi hivyo, funika kombe mwanaharamu apite.

Ndipo hospitali ikaleta mkono wa chuma. Ulifungwa kwenye meza mbele ya kiti chake cha magurudumu, naye akavalishwa kofia yenye nyaya nyingi. Binti aliyekuwa fundi wa mtambo huo alimweleza taratibu kwamba ubongo ukitaka vidole vikunjike hutoa umeme mdogo sana, hata kama vidole vyenyewe havina habari. Kofia huunasa umeme huo, kompyuta huusoma, na mkono wa chuma hutii. Wala hausomi siri za mtu, akasema, unasoma tu kile unachotaka mkono ufanye. Rula akauliza kama unaweza kushika brashi. Binti akacheka, akamwambia waanze na kikombe.

Sharti lilikuwa moja. Siku ya mtihani, mgonjwa atakayeweza kunywa maji kwa mkono ule mbele ya mtu anayeishi naye ndiye atakayepewa aende nao nyumbani. Wagonjwa wengine wangeuacha palepale hospitalini.

Rula alijifunza kwa wiki nyingi, akitokwa jasho kama mbeba mizigo ilhali hajainua hata unyoya. Siku kikombe kilipofika mdomoni mwake kwa mara ya kwanza, alilia mbele ya yule binti bila kuona haya. Tangu aanguke, hilo lilikuwa funda la kwanza ambalo hakunyweshwa na mtu. Kesho yake wakamwita mdogo wake aje ashuhudie. Mkono ukanyanyua kikombe, ukafika nusu ya njia, ukaganda. Vidole vya chuma vikafunguka, kikombe kikaanguka. Wakarudia, ikawa vilevile. Mdogo alipotoka kupokea simu, mkono ukafanya kazi. Aliporudi, ukagoma. Binti, bila ubaya wowote, akamwomba asubiri nje, kwa maana akili ya mgonjwa ikivutwa huku na huku ishara zinachafuka. Mdogo akatoka ameinamisha kichwa. Alikuwa ameelewa kuliko binti alivyodhani.

Jioni ya kuamkia siku ya mtihani, mdogo alileta chakula, akaweka sahani mezani, lakini kijiko hakukigusa.

"Kaka, una kinyongo na mimi."

Rula alitaka kukana kama alivyozoea. Lakini alikuwa amechoka kuusingizia mkono.

"Ninacho."

"Si ulisema umenisamehe?"

"Niliisamehe ile sakafu yenye sabuni. Siku ile ulipoita 'nipo', sauti yako ilitoka ng'ambo ya barabara. Niliisikia. Nikajiambia ni masikio yangu, nikaendelea kuchora."

Mdogo akakaa chini.

"Kulikuwa na mpira kwenye televisheni ya kinyozi. Watu walipiga kelele kuwa ni penalti, nikakimbia kuangalia. Niliita nikiwa mlangoni pale, ili usishtuke. Mbona hukuniuliza siku zote hizi, kaka?"

"Ungenidanganya. Halafu ningelazimika kula mkononi mwa mwongo, na mkono mwingine sikuwa nao."

Mdogo alilia kwa kwikwi. Rula hakumbembeleza. Alikuwa na hasira, hasira ya siku ile ile ya kuanguka, mbichi kabisa, na kwa mara ya kwanza aliiacha ionekane usoni. Chakula kilipoa. Baadaye mdogo alichukua kijiko, maana njaa haingoji ugomvi uishe, na Rula akala akimtazama machoni.

Siku ya mtihani mdogo alitaka kubaki nje mwenyewe, asimharibie mwenzake. Rula akaagiza aitwe, aketi mbele yake. Mkono ukanyanyua kikombe. Ulipofika nusu ya njia ukasita. Rula hakujilazimisha kusahau lolote. Alimtazama mdogo wake, aliyekimbilia penalti, aliyemgeuza kitandani kila usiku, yote mawili mtu mmoja, na akataka maji. Mkono ukasogea. Maji mengine yalimwagika kifuani, mengine yakapita kooni.

Binti alitangaza kwamba mkono ni wake. Mdogo alikuwa amesimama, hajui kama anaruhusiwa kumfuta kaka yake kifua.

"Bado sijakusamehe," Rula akamwambia. "Sukuma kiti, twende nyumbani."