Janelle Hager na redio ya gari la maiti

Kabla ya kuwasha gari, Janelle Hager anazunguka nyuma, anafungua mlango mpana na kumwamkia aliyelala ndani.

"Habari za asubuhi, Bi Marlys. Ni mimi Janelle, mtoto wa Ambrose. Tunarudi nyumbani."

Anaufunga mlango taratibu, anapangusa theluji kwenye glavu zake, kisha anaketi nyuma ya usukani wa Cadillac nyeusi, ndefu, yenye mapazia ya kijivu madirishani. Nje ya hospitali hii ya Bismarck, North Dakota, theluji ya kwanza ya msimu imeanza kudondoka, nyepesi kama unga. Mbele yake ana maili tisini za barabara iliyonyooka, mashamba yaliyokwisha kuvunwa huku na huku, na mwishoni mji wa Marienfeld.

Tukishatoka mjini anabonyeza kitufe. Watu wawili wanaanza kubishana redioni kuhusu bei ya mbolea.

"Hawa ndio wenzangu," anasema. "Wao wakigombana, mimi silali."

Janelle ana miaka 49. Ni dereva wa nyumba ya mazishi ya familia ya Feist, ambako pia huosha magari, hupanga viti, huchemsha kahawa na kushika mikono ya waliofiwa. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Kabla ya hapo aliendesha lori la ngano miaka kumi na minne, mpaka ghala la nafaka la Marienfeld lilipofungwa.

"Watu huniuliza kama naogopa maiti," anasema. "Nawaambia, ngano ndiyo ya kuogopa. Ngano humwagika. Hawa wametulia."

Kinachomwogopesha ni usingizi.

Zamani Marienfeld ilikuwa na hospitali yake, na watu wengi walifia humo au vitandani mwao. Hospitali ilipofungwa, wagonjwa walianza kupelekwa Bismarck, Fargo, hata nje ya jimbo. Wanaokufa huko lazima warudishwe. Safari ya dereva wa Feist, iliyokuwa ya nusu saa, sasa hula siku nzima, na mara nyingi yuko peke yake.

Januari mwaka huu alikuwa akimrudisha mwalimu wake wa darasa la tatu. Barabara ilikuwa nyeupe, anga nyeupe, gari kimya. Alizindukia mtaroni, theluji ikiwa imefika kwenye vioo.

"Sikuumia. Gari halikuumia. Lakini niligeuka nikamwona mwalimu wangu amesogea mpaka kwenye pazia, nikasikia aibu ambayo siwezi kukueleza. Nilimwomba msamaha kwa sauti. Nilikaa naye pale nikimwomba msamaha mpaka mkulima mmoja akaja na trekta kutuvuta."

Kesho yake alikwenda kwa bosi wake, Leland Feist, mzee wa miaka 72 ambaye nyumba hiyo ya mazishi aliirithi kwa baba yake, naye baba kwa babu. Alimweleza kila kitu. Kisha akaomba redio.

"Redio?" Leland aliuliza. "Kwenye gari la maiti?"

"Ndiyo. Ya kunizuia kulala."

"Kunywa kahawa."

"Nikinywa kahawa natafuta choo. Kati ya hapa na Bismarck choo kiko wapi, Leland? Nimwache marehemu kando ya barabara nikachuchumae?"

Leland hakucheka. "Baba yangu aliendesha miaka arobaini bila redio. Ukimya ndiyo kazi yetu, Janelle. Watu wanatulipa tuwe kimya."

"Baba yako alikuwa anakwenda shambani kwa watu na kurudi kabla supu haijapoa."

"Nimesema hapana."

Redio, kwa kweli, ilikuwemo. Kila Cadillac hutoka kiwandani na redio yake. Ila gari hili, kama magari yote ya maiti, lilipelekwa kwa mafundi wa kulirefusha na kuliinua paa, nao hawakurudisha antena ya juu. Leland hakuidai. Zaidi ya hapo, siku gari lilipofika aling'oa fyuzi ya redio na kuitia mfukoni.

Janelle alinunua fyuzi nyingine, akaichomeka kisirisiri. Alichosikia ni mikwaruzo tu. Akajaribu nyimbo zilizo kwenye simu yake, ikawa hatari zaidi.

"Wimbo ninaoujua unanibembeleza," anaeleza. "Nataka mtu anayezungumza, ambaye sijui atasema nini. Na simu yenyewe, ukishapita vilima vya Linton, haishiki mtandao."

Ndipo akaagiza redio ya setilaiti: kidude cha kukaa kiganjani, antena ndogo kama kifuniko cha chupa, na nyaya. Alilipa mwenyewe. Mumewe, Curt, ni fundi wa matrekta, lakini hakumwita.

"Ningemwita Curt, mji mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana."

Jumapili moja ya Machi, Leland alipokwenda kumtembelea binti yake, Janelle alijifungia gerejini na lile gari. Alitoa waya wa betri kwanza, akasubiri, kwa sababu alisoma kwamba mfuko wa hewa wa usukani unaweza kulipuka usoni mwa mtu mwenye haraka. Kisha akaanza kubandua plastiki za dashibodi kwa mwiko wa plastiki aliouchukua jikoni kwake.

Matatizo yalianza na antena. Ina sumaku chini, na maelekezo yalisema iwekwe juu ya gari. Lakini paa la gari la maiti limevikwa ngozi bandia, sumaku haishiki. Akaiweka kwenye boneti. Boneti ni ya alumini. Ikateleza na kudondoka sakafuni.

"Nilizunguka gari zima na kile kidude kama mtu anayempima mgonjwa joto," anasema. "Nikajiambia, Janelle, gari la thamani yote hii halina chuma cha kushika sumaku?"

Mwishowe akaificha chini ya kava jeusi lililo chini ya kioo cha mbele. Setilaiti huiona vizuri tu kupitia plastiki, na Leland asingeiona. Waya akaupitisha kwenye tundu lenye mpira ambamo nyaya za kiwandani huingia ndani. Umeme aliutafuta kwenye boksi la fyuzi kwa taa ya kupimia, akichagua waya unaopata moto gari linapowashwa tu, maana betri ikifa mbele ya kanisa na familia imesimama nyuma, kazi imekwisha. Sauti aliipeleka kwenye tundu la simu, ili itokee kwenye spika za gari.

Yote hayo yalikwenda sawa. Kilichomshinda ni kurudisha dashibodi. Vibanio vinne vya plastiki vilikuwa vimekatika, na duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Akaamua kumalizia Jumatatu asubuhi na mapema, kabla bosi hajafika.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Emil Jundt, mkulima wa miaka 84, alikuwa amefariki Bismarck. Leland mwenyewe ndiye aliyekuja mbio gereji kutoa habari.

Alisimama mlangoni. Dashibodi ilikuwa wazi, nyaya zinaning'inia, mwiko wa jikoni uko kwenye kiti.

"Umelifanya nini gari langu?"

"Nimelifungia redio."

"Umelifungia? Mimi naona umelichinja!"

Gari la pili lilikuwa kwa fundi. Leland alilizunguka lile Cadillac mara mbili, akapumua kwa nguvu.

"Linaendeshwa?"

"Linaendeshwa."

Akaingia ukumbini, akarudi na kitambaa cha zambarau cha kutandika kwenye meza ya maua, akakitandaza juu ya dashibodi, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili. "Dada yake Emil atarudi na wewe. Alikwenda naye kwenye gari la wagonjwa, hana usafiri. Usikiguse hicho kitambaa, na yeye asikiguse. Tutazungumza Emil akishazikwa."

"Nilijua maana ya 'tutazungumza'," anasema Janelle. "Njia nzima ya kwenda nilikuwa natafuta kazi nyingine kichwani."

Rosella Jundt, 81, aliketi mbele, mkoba magotini. Yeye na Emil hawakuoa wala kuolewa. Walilima ngano na kufuga ng'ombe pamoja, kwenye nyumba waliyozaliwa. Kwa maili thelathini alitazama mashamba. Kisha akanyoosha kidole, akakiinua kitambaa pembeni.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Redio, Bi Rosella. Nisamehe. Nilikuwa naifunga jana, sikumaliza."

"Inafanya kazi?"

"Sijui. Gerejini haishiki, inataka kuona anga."

Rosella akatazama anga. Ilikuwepo ya kutosha. "Saa ngapi?"

"Inakaribia saa sita."

"Basi iwashe. Emil hakosi bei za mchana."

Janelle alisita. Alimwambia kwamba Leland amekataza. Rosella akamkata kauli.

"Leland ameanza kumshughulikia Emil leo asubuhi tu. Mimi nimekula naye chakula cha mchana maisha yangu yote. Ikifika saa sita anainua kijiko hivi, na ole wako useme neno. Hata padri alinyamazishwa mezani kwetu. Washa."

Akawasha. Kioo kidogo kikaandika kwamba kinatafuta mawimbi. Kikaendelea kutafuta. Janelle alikuwa anafikiria ule waya wa chini ya kioo, kama ameubana, kama ameukata. Wakapanda kilima, na juu yake sauti ya mwanamume ikajaa gari zima, kubwa mno, ikitaja bei ya ndama. Wote wawili waliruka.

"Punguza!" alisema Rosella. "Ni maiti, si kiziwi."

Wakasikiliza. Ndama, nguruwe, mahindi, soya. Ilipofika ngano ya masika, Rosella aliinua kidole. Imepanda senti sita. Akageuka mwili mzima kuelekea pazia.

"Emil, umesikia? Imepanda. Nilikuambia usiuze wiki iliyopita, ukaniita mwanamke asiyejua kitu."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha akaufungua mkoba, akatoa leso, akalia. Janelle alipunguza mwendo. Hakuizima redio, kwa sababu Rosella alikuwa ameweka mkono juu ya kile kitambaa, akikikandamiza, kama anayezuia mtu asiondoke.

Wakiwa karibu kufika, Rosella alimweleza jinsi Emil alivyokuwa akitukana kwa Kijerumani cha wazee wao bei zikishuka, na akamtajia tusi lenyewe. Janelle anakataa kulirudia gazetini.

Siku iliyofuata Rosella alikaa na Leland kupanga mazishi. Jeneza, maua, keki za Kijerumani ziitwazo kuchen, na nyama baada ya maziko. Mwishoni akasema: "Na padri asirefushe. Saa sita tuwe njiani kwenda makaburini. Kuna bei."

"Bei gani, Rosella?"

"Muulize Janelle. Na redio iwe imewashwa."

Leland alimtazama Janelle. Janelle alitazama zulia.

Alhamisi hiyo Leland alikaa mbele kwenye gari la maiti, kama kawaida yake, koti jeusi, mikono magotini. Kengele za kanisa zilipokoma, Janelle akaminya kitufe bila kumwangalia. Walikwenda mwendo wa mtu anayetembea, magari kama arobaini nyuma yao, bei zikisomwa kwa sauti ya chini. Leland alitazama mbele. Ila ngano ilipotajwa, Janelle alimwona amesogeza sikio.

Makaburini Rosella alishuka kwenye gari la nyuma, akaja moja kwa moja kwa Leland. "Imekuwaje?"

Leland alivua kofia. Kwa sauti ileile anayotumia kutoa rambirambi, alisema: "Imeshuka senti nne, Rosella. Pole sana."

"Afadhali hakuisikia," alisema Rosella, akamshika mkono.

Mazungumzo yaliyoahidiwa yalifanyika kesho yake gerejini. Leland alikuja na mfuko wa karatasi wenye vibanio vipya vinne, akauweka juu ya boneti.

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza. Ulisema hapana."

"Ndiyo nasema hukuniuliza mara ya pili." Alikohoa. "Sauti iwe chini. Familia ikiwemo unazima, mpaka waombe wenyewe. Ukifika kwenye tangi la maji unazima, mji usisikie. Na ukisinzia tena, nataka unipigie simu, si kuninunulia redio."

Hivyo ndivyo anavyofanya. Leo, tangi la maji la Marienfeld linapotokea upande wa kulia, Janelle anaminya kitufe katikati ya sentensi ya mtu. Bi Marlys anaingia mjini kwake kimya. Tangu Machi, anasema, familia nyingi zimeomba redio kuliko alivyotarajia: moja iliomba mpira wa magongo, nyingine mahubiri, nyingine ikaomba tu habari za barabarani za jiji ambalo marehemu aliwahi kuishi.

Mwezi ujao Janelle anaanza masomo ya kumwezesha kupata leseni ya kusimamia mazishi, mengine kwa mtandao, mengine darasani wikiendi. Yatachukua miaka, na atakuwa mzee kuliko wanafunzi wenzake wote. Curt anasema wataiita meza yao ya jikoni chuo kikuu. Ada analipa nusu yeye, nusu nyumba ya Feist.

Hakuwa amefikiria kuomba. Leland ndiye aliyeleta fomu. Binti yake hatarudi Marienfeld, na asipopatikana wa kumrithi, jengo linaweza kuuzwa kwa kampuni ya mjini.

"Nilimwambia, Leland, mimi nina miaka arobaini na tisa, kichwa kimejaa ngano, kwa nini mimi?" anasema Janelle, akirudisha gari kinyumenyume mpaka mlango wa nyumba ya mazishi, bila kugusa ukingo hata kwa inchi moja. "Akaniambia, 'Sitaki kuzikwa na mtu ambaye itabidi aulize jina langu.'"