Mfano wa Kunong'ona

Kila nikipita sokoni Majengo penye magunia ya dagaa wakavu, harufu ile hunirudisha uani kwetu, mchana mmoja wa upepo mkali. Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tunachambua dagaa, daftari langu la Kiingereza likiwa wazi mkekani. Ndani, baba alikuwa na wageni kutoka Matai waliokuja kumposa dada.

"Dada, 'whisper' maana yake nini?"

"Kunong'ona. Kusema kwa sauti ya chini, asikie mmoja tu."

"Mwalimu anataka mfano."

Dada alitazama mlangoni, kisha akaniinamia hadi pumzi yake ikanichoma sikio.

"Kesho napanda lori la kwenda Kipili. Sirudi. Usimwambie mtu."

Nilicheka, nikidhani ndio mfano wenyewe. Nikayaandika maneno yale daftarini kama alivyoyasema.

Jioni baba alikagua daftari, kama kawaida yake. Alisoma ule mstari mara mbili. Akainuka, akaenda kumfungia dada chumbani mwake kwa kufuli.

Dada aliolewa Matai. Nikienda kumsalimia hunipokea vizuri, hunipikia, lakini hakubali tubaki wawili chumbani.