"Nipo" Mara Nne

Mie niliyewahi kumkimbiza chui Bunju nikiwa na kandambili, juzi niliogopeshwa na neno moja. Tulikuwa foleni ya dirisha la dawa, Boko. Mbele yangu sista mmoja kaing'ang'ania simu mpaka vidole vimepauka, anampigia mumewe, kaweka spika.

"Upo?"

"Nipo."

Anakata, anapiga tena. Lazima ajibiwe "nipo" mara nne. Ya tatu mume akachoka: "Ndiyo, mama."

Sista akaifokea simu. "Ushaniacha. Basi usirudi, sikutaki." Akakata, hapohapo akalia, akanigeukia.

"Kaka, daktari kasema nina magonjwa mawili. Mmoja unanilazimisha nirudierudie, mwingine unaniambia naachwa. Nikirudia, anachoka. Akichoka, naona ananiacha, narudia zaidi."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Foleni nzima tuliacha kupumua kama wiki hivi.

"Nipo," mume akasema mwishowe, taratibu. "Haya, tuanze moja."

Sista akakaa chini sakafuni.

Nilipotoka nje nikampigia mke wangu nyumbani. "Upo?"

"Kwani nimeenda wapi?"

Hakusema nipo. Nikapiga tena.