Usukani Mdogo wa Pikapu ya Zamani

Juzi, kwenye gereji moja hapa Tanga, nilimwona mzee mmoja ndani ya pikapu ya enzi za ujana wake, tumbo limebanwa na usukani mpana kama sinia. Wanawe walishamwambia: ukishindwa kukata kona, tunakutafutia dereva wa kubeba machungwa yako kutoka Maramba.

Fundi akauchomoa usukani ule, akafunga mdogo wa gari la kisasa. Mzee akapitisha kiganja kati ya usukani na tumbo, kikapita. Akacheka. Alipoukata kushoto, mishipa ikamtoka shingoni.

“Samahani mzee, lakini usukani mdogo ni mzito kuzungusha,” fundi akasema.

“Tena afadhali,” akadakia mkewe, aliyeketi kando yake. “Kwenda Maramba na kurudi, hilo tumbo litaisha lenyewe.”

“Basi huu wa zamani mniachie?”

“Thubutu!” mzee akasema. “Nikikonda tunaurudisha.”

Wakaondoka taratibu, mzee akiendesha mwenyewe, mama kaupakata usukani wa zamani. Nguo zilizobana nimeona wengi wakizitunza kwa matumaini hayo. Usukani, ndiyo kwanza naona.