Nimesikia Kicheko cha Mume Wangu Kwenye Video ya Mfungwa

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni Mkenya, miaka thelathini na nne, naishi Quakers Hill hapa Sydney na mume wangu na binti yetu wa miaka mitano. Kazi yangu ni kutunza wazee: nawaosha, nawabadilisha nepi, nawalisha.

Mume wangu aliletwa huku akiwa mtoto, akakua, akaingia jeshini. Kabla hatujaoana, kikosi chake kilipelekwa vitani ng'ambo kusimamia jela ya wafungwa wa vita. Nikimuuliza ya huko, jibu lilikuwa moja: "Tulikuwa tunafunga na kufungua milango tu."

Jumamosi iliyopita wenzake wawili wa kikosi walikuja kula nyama. Wakaunganisha laptop na TV waangalie picha za zamani. Naingia na kachumbari, nakuta video. Mzee wa ndevu nyeupe, mikono imefungwa nyuma, anawaonyesha askari kwa kichwa kwamba anataka choo. Wanamzuia mlangoni. Akajinyea pale pale amesimama, analia. Anayerekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Na kicheko hicho ni cha mume wangu.

Niliiacha kachumbari mezani, nikarudi jikoni.

Wageni walipoondoka nikamkabili. Akasema, "Mama Neema, ile ilikuwa vita. Hao watu ungewajua, usingewahurumia."

"Huyo mzee alikuwa amefanya nini?"

"Hakuna. Walimwachilia baadaye. Walikuwa wameshika mtu siye."

Anasema hivyo akijipakulia nyama!

Tangu hapo akinigusa najitoa. Akimwogesha mtoto, natoka nje. Na ni baba mzuri jamani, hajawahi kutuinulia mkono, hiyo ndiyo inanichanganya zaidi.

Nilimwambia akajiripoti mwenyewe. Akanijibu, "Kama unataka Neema alelewe nikiwa ndani, endelea kuongea." Mama yangu naye kwa simu ananiambia, "Mwanangu, ya jeshi yaache jeshini. Usivunje nyumba kwa ajili ya mtu usiyemjua."

Jana alipoenda kazini nilifungua laptop, nikainakili ile video. Ninayo kwa simu yangu na yeye hajui. Nikiipeleka kwa wachunguzi wa makosa ya vita, nimemfunga baba wa mtoto wangu. Nikiifuta, sijui nitamtazama vipi mzee mwingine machoni.

Msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yameuma. Jumatatu sina zamu na yeye atakuwa kazini. Niambieni ukweli, hata kama utaniuma: niipeleke, au niifute?