Kiboksi Nilichokihamisha Asubuhi ya Intavyuu

Taabu yangu ilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na moja. Vita vilifika Kampala, baba akakimbia, sisi tukalala porini, shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nikabeba samaki kwenye bandari ya Ggaba, maji yao yakinichuruzika mgongoni. Nyumba yangu ya Kawempe nimejenga mwenyewe, kuta za tofali mbili mbili. Aliyewahi kulala porini hapendi ukuta mwembamba.

Kuta hizo zilizuia waifai isifike chumba cha nyuma, cha binti yangu wa mwisho. Mwaka jana aliitwa intavyuu ya kazi kwa kompyuta, na watu wa Nairobi. Akanunua viboksi viwili vya kuchomeka kwenye soketi: kimoja sebuleni, kando ya ruta, kingine chumbani kwake. Alisema intaneti itapita ndani ya waya za umeme hadi kule nyuma. Nikacheka.

"Mwanangu, umeme ubebe maneno?"

"Utabeba, Baba. Wewe usiguse tu."

Nikagusa. Umeme wetu ukikatika hurudi kwa hasira. Umeshaniunguzia friji na televisheni. Kwangu kitu cha bei hakichomekwi ukutani hivi hivi, lazima kipitie stebilaiza ya kuutuliza umeme. Asubuhi ya intavyuu, yeye ameshafunga mlango na anaongea, nikaona kiboksi cha sebuleni kiko ukutani bila kinga. Nikakichomoa, nikakitia kwenye stebilaiza. Nilidhani namsaidia.

Akatoka mbio. "Baba, intaneti imekatika, umegusa?"

"Nani, mimi? Vitu vyenu vya Kichina hivyo! Aliyekuuzia ni mwizi, namfuata dukani kwake leo leo!"

Akapiga magoti, akakirudisha kiboksi ukutani. "Stebilaiza inachuja umeme, Baba. Intaneti nayo inachujwa humo humo." Taa ya kijani ikawaka. Aliporudi kwenye kompyuta, wale watu walishaita mwingine. Hawakumpigia tena.

Kiboksi hakikuniaibisha. Uongo ndio ulioniaibisha, mimi niliyemchapa utotoni kwa uongo wa kijiko cha sukari. Mchana akaniletea chai kama kawaida, nikashindwa kumtazama. Badala ya kusema pole, nikakoroga chai.

Kazi alipata baadaye, ndogo kuliko ile. Amepanga chumba kimoja Kasubi. Anakuja Ijumaa, anakaa kidogo, anaondoka.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba saba, kile cha nyuma kitupu, maduka mawili, kiwanja Bombo, ng'ombe watatu na pikipiki ya mizigo.