Mwanamina na Msitu wa Kukodisha

Mwanamina hakuhitaji semina kujua kwamba bahari inapanda. Maji ya chumvi yaliingia shambani kwake mpunga ukiwa umeshabeba, ukakauka wote. Baada ya hapo akaanza kupanda mikoko. Yeye na wanawake wenzake walizama matopeni hadi magotini, wakachomeka miche pale wakata nguzo walipopaacha peupe. Watu walicheka, eti anapanda miti baharini. Hakuwajali, na miti ikashika.

Ndiyo maana kampuni ya hewa ukaa ilipoingia kijijini, kila mtu alijua nani angekuwa wa kwanza kuiunga mkono.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Kampuni ilimtuma Warda, binti wa kaka yake Mwanamina, aliyesomea mambo ya misitu. Alieleza vizuri. Mikoko huvuta hewa chafu na kuihifadhi kwenye tope. Viwanda vya ng'ambo vingelipa ili mikoko isiguswe, na kijiji kingejengewa zahanati. Ila kwa miaka thelathini hakuna kuokota kuni, wala kuingia vijitoni bila kibali.

Mwanamina akasimama. "Mwanangu, hivyo viwanda vitazima moshi?"

"Vitapunguza polepole, shangazi."

"Kwa hiyo wao wanaendelea kufukiza, mimi nisiende vijitoni kutafuta kaa?"

"Si hivyo, shangazi."

"Ndivyo ulivyosema sasa hivi."

Mwenyekiti, mzee Ukasha, akamwambia aketi, wageni wasivunjiwe heshima. Hakuketi. "Mkataji tutamfukuza wenyewe, kama tunavyomfukuza siku zote. Lakini anayetaka kutufungia vijito, aanze na mimi."

Wanawake waliopanda naye wakainuka mmoja mmoja, wakasimama upande wake. Siku hiyo kura haikupigwa.

Maneno hayo yalimgharimu. Mumewe, Bwanaheri, ambaye miguu yake ilikuwa ikimvimba, alikuwa ameshaihesabu zahanati kuwa ni yake. Akawa anakula akimpa mgongo. Warda alimfuata hadi jikoni, macho mekundu.

"Umeniaibisha mbele za watu, shangazi."

"Nimeukataa mkataba, wewe sijakukataa. Kaa, ule."

Warda hakula. Lakini huko ofisini alibishana na wakubwa wake, na masika yalipokwisha akarudi na mkataba mwingine. Miaka ilikuwa imepungua nusu. Kuni kavu zingeokotwa, kaa wangevuliwa, na walinzi wa msitu wangekuwa wanawake wenyewe.

Kura ilipoitishwa, mikono ikanyooka uwanja mzima, wa Bwanaheri ukiwa juu kuliko yote. Mwanamina alikunja mikono kifuani.

"Sasa shida nini, mama?" Ukasha akauliza. "Ulichotaka umepata."

"Nimepata cha hapa. Huko ng'ambo moshi haujazimwa."

"Basi tukuandike hukupiga kura?"

"Nimepiga," Mwanamina akasema. "Andika nimekataa. Na jina langu liandike lote."